Chumvi ya Daktari

Kila siku baada ya masomo, Kanyiva alipita nyuma ya soko la Sultan Hamud, akavuka barabara kuu kwa uangalifu na kufika kwenye kibanda cha kuziba pancha. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa gredi ya saba. Pale kibandani alikuwa na kiti chake mwenyewe: tairi kuukuu la lori lililolazwa chini, na ubao juu yake. Aliketi, akatoa vitabu, akaanza kazi za shule huku malori ya kwenda Mombasa yakimpulizia vumbi.

Fundi wa pale alikuwa kaka yake, Musyimi. Kanyiva aliijua kazi ile hatua kwa hatua. Musyimi aliinua gari kwa jeki, akafungua gurudumu, akalitenganisha tairi na ringi kwa mtaimbo. Kisha aliutoa mpira wa ndani, akaujaza upepo na kuuzamisha kidogo kidogo kwenye karai la maji. Palipotoka mapovu ndipo palipokuwa na tundu. Alipakausha, akapakwaruza hadi pakawa safi, akapaka gundi, akasubiri, ndipo akabandika kiraka. Hakuruka hatua hata moja.

"Wewe kijana," dereva mmoja alimwambia akitazama saa, "unaziba pancha ama unafanya upasuaji?"

Wenzake wakacheka. Musyimi aliendelea kupaka gundi. Kanyiva aliinamisha kichwa juu ya kitabu, kwa sababu mzaha ule ulikuwa umegusa jambo ambalo dereva hakulijua.

Huko kwao Nuu, Musyimi aliitwa Daktari.

Jina hilo lilizaliwa siku ya sherehe yake ya kufuzu. Musyimi alikuwa amepata shahada ya biokemia, yaani elimu ya kemia inayotendeka ndani ya viumbe hai. Mbuzi walichinjwa, turubai likatundikwa, watu wa kanisa wakajaa uani. Mzee Nthiwa, mzee wa kanisa, alishika kipaza sauti, akamtaka kijana aeleze alichosomea. Musyimi alieleza kwamba walichunguza damu, sukari na jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini. Mzee Nthiwa hakungoja amalize. "Basi ni daktari!" alitangaza. "Nuu imepata daktari!" Wanawake wakapiga vigelegele. Musyimi alifungua mdomo kusahihisha, lakini tayari nyimbo zilikuwa zimeanza. Aliufunga tena.

Baada ya hapo alituma maombi ya kazi katika maabara nyingi. Nyingine zilimjibu kwamba hazina nafasi. Nyingi hazikujibu kabisa. Nauli na chakula vilipomshinda Nairobi, alipata kazi ya muda Sultan Hamud kwa Mama Wacuka, mwenye kibanda cha pancha. Kazi ya muda ikawa kazi. Nyumbani alisema tu kwamba ameajiriwa. Mama yake alishukuru Mungu, akampeleka Kanyiva asomee mjini kwa kaka yake mwenye kazi.

Siku Kanyiva alipofika na sanduku lake, Musyimi alimpokea akiwa na ovaroli yenye grisi hadi viwikoni. Musyimi alilichukua sanduku na kutangulia. Walipofika chumbani, Musyimi alizungumza.

"Usiwaambie, Kanyiva. Nitawaambia mwenyewe nikipata kazi ya maana."

"Lini?"

"Karibuni."

Kanyiva alikubali. Hakujua kwamba siri ya mtu mwingine huchukua nafasi kubwa hivyo. Kasiva, msichana aliyekaa naye dawati moja, alimkaribisha nyumbani kwao ili wajisomee pamoja. Kanyiva alifikiri maswali ambayo yangefuata: unaishi na nani, anafanya nini, alisomea nini. Akasema haiwezekani. Kasiva aliomba mara nyingine, kisha akaacha. Akaanza kutembea na wasichana wengine, na Kanyiva akabaki na tairi lake.

Hata kanisani hawakwenda. Walikwenda mara moja tu. Ibada ilipofika katikati, wageni waliombwa wasimame, wataje majina, watokako na kazi wanazofanya. Musyimi alisimama. "Naitwa Musyimi, natoka Nuu, nimeokoka," alisema, kisha akatua. "Niko kwenye mambo ya usafiri." Watu walimpigia makofi. Musyimi aliketi akitokwa na jasho, na Jumapili iliyofuata alisema anaumwa kichwa. Jumapili ya baadaye hakuhitaji tena kusema kitu.

"Huyu kaka yako huongea na matairi kuliko watu," Mama Wacuka alimwambia Kanyiva siku moja. "Na wewe unamfuata. Mko wawili, lakini kila mmoja yuko peke yake. Hebu chekeni kidogo, mtaniharibia biashara!"

Alikuwa mwanamke mnene kutoka Murang'a, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. Kanyiva alitabasamu kwa adabu. Alipenda kumsikia, lakini alirudi kwenye kitabu chake.

Kila Jumapili alasiri walipiga simu nyumbani. Mama yao, Kasyoki, waliyemwita Mwaitu, aliongea kwanza, kisha akampa simu nyanya yao, ambaye wao walimwita Susu kama Wakamba wote wanavyowaita bibi zao. Susu alikuwa na ugonjwa wa sukari. Vidonge vyake alivimeza siku alizovikumbuka.

Mwezi wa Juni, Susu alikwenda mtoni kuchota maji. Mto wa kwao hauna maji juu. Watu huchimba shimo mchangani na kulizungushia matawi ya miiba ili mbuzi wasiyachafue maji. Mwiba mmoja ulipenya kandambili na kumchoma kwenye kidole cha mguu.

"Jambo dogo, Daktari," Susu alisema kwenye simu. "Nimeuchomoa."

"Nenda hospitali Susu, waukague mguu," Musyimi alisema. "Ukiwa na sukari, kidonda cha mguu si jambo dogo. Kwa sasa osha kwa maji yenye chumvi kidogo, lakini nenda hospitali."

Alikuwa amesema mambo mawili, hospitali na chumvi. Nyumbani walisikia chumvi.

Wiki zilipita. Kila walipopiga simu, Susu alisema anaendelea na matibabu. Asubuhi na jioni Kasyoki alichemsha maji, akayakoroga chumvi, naye Susu akatumbukiza mguu. Mke wa pasta alipomshauri aende hospitali ya Mwingi, Susu alimjibu kwamba ana daktari wake wa nyumbani, na kwamba mwezi wa Agosti daktari huyo anakuja kumwona kwa macho yake.

"Hospitali, Susu," Musyimi alirudia.

"Kuna foleni huko, na watu nisiowajua. Nimzunguke mjukuu wangu niende kwa wageni? Watu watasemaje?"

Katikati ya Julai, Kanyiva ndiye aliyeshika simu.

"Kidole kimekuwa cheusi," Susu alimwambia. "Lakini sasa hakiumi hata kidogo. Mama yako anayachemsha maji sawasawa, mpaka ngozi inatoka, nami sisikii kitu. Dawa ya kaka yako inafanya kazi. Ila harufu tu."

Kanyiva alimweleza kaka yake maneno hayo kama yalivyokuwa. Musyimi alikuwa akifua ovaroli. Mikono yake ilitulia majini.

"Kutoumwa ndiko kubaya," alisema polepole. "Sukari ikikaa sana kwenye damu huua hisia za miguu. Wanamuunguza kwa maji ya moto, naye hajui. Na kidole cheusi kimekwisha kufa."

"Mwambie basi!"

"Nimemwambia aende. Umenisikia."

"Haendi kwa sababu anadhani wewe ni daktari! Mwambie wewe si daktari."

Musyimi aliukamua mkono wa ovaroli mpaka maji yakaisha. "Kanisa zima linaniombea kwa jina hilo, Kanyiva. Mwaitu hujitambulisha kama mama wa Daktari. Nikimwambia leo mimi ni mtu wa pancha, nitakuwa nimewaachia nini? Agosti ni kesho kutwa. Tutakwenda, nitampeleka mwenyewe."

"Agosti si kesho kutwa," Kanyiva alisema.

Kaka yake alianika nguo, akaingia ndani. 

Kesho yake shuleni, Kanyiva hakusikia alichofundishwa. Alikuwa akipima mambo mawili. Upande mmoja kulikuwa na ahadi aliyompa kaka yake, mtu pekee aliyekuwa naye mji mzima. Upande wa pili kulikuwa na mguu wa Susu. Aliona kwamba ahadi ikivunjika, kaka yake angekasirika, na hasira huisha. Mguu ukiharibika haurudi. Hapakuwa na haja ya kupima tena.

Alipofika kibandani, Musyimi alikuwa amelala chini ya lori. Kanyiva alimwendea Mama Wacuka.

"Nisaidie simu, mama. Nataka kuongea na nyumbani."

"Chukua, mwanangu. Lakini usinimalizie salio."

Aliongea kwa Kikamba, akisimama karibu kabisa na Mama Wacuka, ambaye hakuelewa neno. Alimwambia mama yake kila kitu: kwamba Musyimi hajawahi kuwa daktari, kwamba alichosomea ni cha maabara na si cha kutibu watu, kwamba anaziba pancha kando ya barabara, na kwamba chumvi si dawa. Alisema yote kwa pumzi moja, akangoja.

"Umegombana na kaka yako?" mama aliuliza.

"Hapana, Mwaitu."

"Amekuchapa?"

"Hapana! Ninasema kweli."

"Mtoto anayelishwa na kaka yake anamharibia jina hivi? Nani amekufundisha wivu huo huko mjini? Nitaongea naye."

Simu ikakatika. Mama Wacuka aliipokea, akamtazama.

"Kuna nini nyumbani?"

"Hakuna kitu," Kanyiva alisema. Alikwenda kuketi kwenye tairi lake. Hakulia. Alifungua kitabu cha hisabati, akautazama ukurasa mmoja bila kuusoma. Sasa alikuwa amevunja ahadi, na hakuna aliyeamini alichosema. Hakuwa amewahi kujiona peke yake kiasi hicho.

Simu ya Musyimi ililia kabla jioni haijaingia. Alitoka chini ya lori, akajipangusa mkono, akaipokea. Mashine ya upepo ilikuwa ikinguruma, kwa hiyo alibonyeza kitufe cha sauti kubwa ili asikie. Kanyiva naye akasikia.

"Musyimi, mwanangu," mama alisema, "dada yako ametupigia simu na kutuambia mambo ya aibu. Ati wewe unaziba matairi. Nimemkemea, lakini wewe uko karibu naye, mkanye huyo mtoto. Mtoto akizoea uongo akiwa mdogo, ataishia wapi?"

Musyimi alimtazama dada yake. Kanyiva hakuyahepa macho yake. Mashine iliendelea kunguruma, kisha Musyimi akanyoosha mkono na kuizima. Kimya kilikuwa cha ghafla, hata dereva wa lori aligeuka.

Ilikuwa rahisi. Angesema tu, "Sawa, Mwaitu, nitaongea naye." Jina lake lingebaki, naye Kanyiva angekuwa mwongo wa familia.

"Mwaitu," alisema, "Kanyiva hadanganyi."

"Unasemaje?"

"Hadanganyi. Mimi si daktari na sijawahi kuwa. Ninaziba pancha hapa Sultan Hamud. Sasa hivi nimetoka chini ya lori." Aliisogeza simu karibu na mdomo. "Aliyedanganya ni mimi. Nilinyamaza mkaamini."

 Mama aliuliza, na swali lake halikuhusu kazi wala jina.

"Na chumvi?"

"Chumvi haitamponya. Msimtie tena kwenye maji ya moto. Tafuteni gari, mpelekeni Mwingi leo, Mwaitu. Akikataa, mwambieni hana daktari. Mwambieni daktari wake wa pekee ni yule atakayemkuta huko."

Alikata simu, akaketi chini palepale, mgongo umeegemea gurudumu. Dereva alikohoa. Alikuwa ameyasikia maneno, na ingawa hakujua Kikamba, alikuwa na akili ya kutouliza kuhusu tairi lake. Kanyiva alikwenda, akaketi kando ya kaka yake.

"Umekasirika?" aliuliza.

"Ndiyo," Musyimi alisema. Kisha akaongeza, "Lakini sikukasirikii wewe."

Hospitalini walikikata kidole. Daktari aliyemhudumia Susu alimweleza Kasyoki kwamba ugonjwa ulikuwa umeanza kupanda, na kwamba kama wangechelewa zaidi, angekata mguu chini ya goti. Kidole kimoja kilipotea, mguu ulibaki.

Shule zilipofungwa, Musyimi na Kanyiva walikwenda Nuu. Musyimi alitembea njia nzima kutoka sokoni hadi nyumbani kama mtu anayekwenda kuhukumiwa. Mama yao aliwapokea mizigo. Alimshika Kanyiva kichwani na kumwambia, "Nilikuita mwongo. Nilikosea." Kisha akaenda kupika.

Susu alikuwa ameketi mlangoni, mguu uliofungwa bandeji ukiwa juu ya kigoda. Aliwaita wakae karibu.

"Njoo hapa, Musyimi," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka kumwita kwa jina lake. "Nionyeshe mikono."

Musyimi aliitoa. Susu aliigeuza, akatazama makovu na grisi iliyokataa kutoka kwenye kucha.

"Unaamka saa ngapi kwenda kazini?"

"Kabla jua halijatoka, Susu."

"Mwenye kazi ni mtu mzuri?"

"Ana kelele. Lakini ni mtu mzuri."

"Unakula mchana?"

"Nakula."

Susu alitikisa kichwa. "Unaona? Hayo sijawahi kukuuliza. Nililipenda jina la daktari, nikasahau kumuuliza mwenye jina hali yake. Hilo ni kosa langu, na nimelilipa kwa kidole. Kosa lako ni kwamba uliliona jina si lako ukaniachia niendelee kulibeba. Kusoma ulisoma, na kazi unayofanya ni halali. Kazi hiyo haikuniumiza hata kidogo. Kilichotaka kuuchukua mguu wangu ni uongo ambao hakuna aliyeutamka. Kunyamaza pia ni kusema, mjukuu wangu, pale watu wanapoamini jambo lisilo kweli na wewe unajua."

Kisha akamgeukia Kanyiva.

"Nawe ulisema kweli, ukakemewa. Nisikilize. Ukisema kweli na watu wakatae kukuamini, si wewe uliyekosea. Lakini siri kama ile usiibebe tena peke yako. Mtoto akipewa siri inayoweza kumuumiza mtu, anatafuta mtu mzima na kumwambia. Asipoaminiwa na wa kwanza, anakwenda kwa wa pili."

Jumapili kanisani, walioingia kutoka mbali walitakiwa wasimame na kuwasalimu waumini. Musyimi alisimama. Watu wote walikuwa wamekwisha kusikia, na watu wote walikuwa wakimtazama.

"Naitwa Musyimi. Nilisoma biokemia. Bado natafuta kazi ya maabara, na sijaipata. Kwa sasa ninaziba pancha Sultan Hamud. Naomba msiniite Daktari."

Makofi yalikuwa machache. Nyuma, mtu alinong'ona na mwingine akacheka. Musyimi aliketi. Kanyiva alitazama uso wake: safari hii hakuwa akitokwa na jasho.

Baada ya ibada, Mzee Nthiwa aliwasubiri nje, kofia mkononi.

"Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu siku ile," alisema. "Sikukungoja umalize."

"Nami sikusahihisha, mzee."

"Hm." Mzee alitazama juu, akatazama chini. "Sasa, mkokoteni wangu wa maji umelala wiki nzima. Gurudumu la kulia. Punda ananona bure."

Musyimi alicheka. Kanyiva hakukumbuka mara ya mwisho kumsikia akicheka. Alasiri ile walikwenda kwa mzee na karai la maji, na Musyimi akafanya kazi yake hatua kwa hatua mbele ya majirani. Mpira ulipozamishwa na mapovu kutoka, watoto walipiga kelele. Kazi ilipokwisha, maji yale hayakumwagwa ovyo. Yalipelekwa kwenye mche wa mchungwa.

Muhula wa tatu ulipoanza, Kanyiva alimkuta Kasiva kwenye lango la shule.

"Ulitaka tujisomee pamoja," alimwambia. "Bado unataka?"

Kasiva alimtazama kwa mashaka. "Wapi?"

"Kwenye kibanda cha pancha, kando ya barabara. Kaka yangu ndiye fundi. Kuna kelele na vumbi, na mwenye kibanda anaongea sana."

"Kuna mahali pa kuketi?"

"Nitakutafutia."

Siku hiyo Kanyiva alifika kibandani mapema. Alivingirisha tairi la pili kutoka kwenye rundo, akalilaza kando ya lile lake, akaomba ubao kwa Mama Wacuka.